Joho Lililokataa Kukauka

Nianze na mimi mwenyewe, ili baadaye mtu asije akasema nimewasema wenzangu huku nikijificha nyuma ya mlango. Naitwa Lamyai. Nauza tiketi za bahati nasibu kijijini kwetu Nong Hoi na vijiji vinne vya jirani. Yule mtawa mzururaji aliyekwama kwetu msimu mzima wa mvua, mimi ndiye niliyemkwamisha. Wengine walishangilia tu.

Watu wa Nong Hoi ni watu wa dini sana, hasa tarehe mosi na tarehe kumi na sita, siku za droo. Siku hizo utawakuta wamepiga magoti mbele ya mgomba uliotoa mkungu ubavuni, au mbele ya ndama aliyezaliwa na miguu mitano. Mwaka juzi walipiga magoti mbele ya shimo la choo cha mwenyekiti kwa sababu lilitoa mapovu. Wanapaka poda, wanasugua, wanakodoa macho mpaka waone tarakimu, kisha wanakuja kwangu mbio. Sijawahi kumkanya hata mmoja. Hekalu lenyewe lilikuwa tupu kwa miaka mitatu, tangu mtawa wetu wa mwisho alipovua joho na kumfuata mwimbaji wa bendi hadi mji wa Udon, na hakuna aliyeona pengo. Mapovu ya choo yalitutosha.

Kisha akaja Babu Thiang.

Kwetu, mtu akiingia utawa wakati kichwa kimeshaota mvi, tunamwita Babu, tofauti na wale walioanza wakiwa vijana. Huyu alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, na kandambili zake zilishikizwa kwa waya. Begani alibeba bakuli la chuma, mgongoni mwavuli mkubwa wenye chandarua, na majoho yake yalikuwa matatu. Basi, mali yote imekwisha hapo. Alipita asubuhi ya siku ya droo, macho chini, akingoja mtu amtilie wali. Bi Buakhao, mke wa mwenyekiti, akamtilia donge la wali wa kunata, akapiga magoti, akashindwa kujizuia.

"Babu, una miaka mingapi ya utawa?"

"Kumi na tisa, muumini."

Alasiri droo ikasomwa redioni. Tarakimu mbili za mwisho: kumi na tisa. Niliposikia ukelele kutoka kwa mwenyekiti nilidhani kuna msiba.

Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa hekaluni, hata mzee Phan ambaye huwa anasema magoti yake hayakunjiki. Babu Thiang alikuwa ametundika mwavuli wake kwenye mti wa uani, anakunywa maji. Akatuambia kwa upole kwamba anapita tu. Alikuwa akienda mlima wa Phu Daeng kukaa msimu wa mvua kwa mwalimu wake, mwendo wa siku nne kwa miguu, na siku zilizobaki zilikuwa tano.

Tukatazamana. Kila mtu kwetu anaijua sheria hiyo. Siku inayofuata mwezi mpevu wa mwezi wa nane wa mwandamo, popote jua litakapomkuta mtawa, hapo ndipo atakapokaa miezi mitatu, asizunguke kukanyaga mpunga mchanga wa watu. Akilala kwetu usiku mmoja, atawahi. Akilala mitatu, hawahi, na atakuwa wetu kwa droo sita.

Mwenyekiti Samret aliitisha kikao nyuma ya duka lake. Samret ni mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kuamua mambo ya watu wengine.

"Tumwombe abaki," alisema mkewe.

"Atakataa. Hawa wa mwavuli ni wakaidi kuliko nyati."

"Tumfiche kandambili," akasema mzee Phan.

"Huyo? Atatembea peku, tena ndiyo atafurahi!"

Hapo nikafungua mdomo wangu, ambao mama yangu alinionya juu yake tangu nikiwa mdogo. "Nipeni joho lake moja nilifue," nikasema.

Samret akaanza kucheka mpaka kiti kikalia. Mtawa wa aina ile ameapa majoho matatu, si mawili, si manne, na alfajiri haitakiwi kumkuta mbali na hata moja. Joho likiwa majini, mwenyewe naye yumo majini.

Asubuhi nikaenda kwake na beseni. "Babu, joho lako kubwa lina matope. Ukionekana nalo hivyo njiani, watatusema sisi wanawake wa Nong Hoi." Akanitazama, akalitazama joho, akalitoa. Mtu aliyeishi kwa kupokea miaka kumi na tisa hana namna nzuri ya kukataa. Na siku hiyo alipokea kweli: kila nyumba ilitaka abariki kitu. Alibariki trekta, alibariki duka, alibariki pampu ya maji isiyofanya kazi. Kila nyumba ikampa ndoo ya manjano iliyojaa dawa ya meno, tambi za pakiti, tochi na sabuni, mpaka zikafika ndoo ishirini na mbili. Mtu asiye hata na mfuko! Akaziacha zote hekaluni. Jioni wale wale wakazichukua, wakazifuta vumbi, wakamtolea upya.

Nami joho nililifua vizuri, nikalianika. Lilipokaribia kukauka, nikalirudisha majini.

Alfajiri nilitoka na ndoo yangu nikamkuta ameketi chini ya kamba ya nguo, juu ya kipande cha nailoni, mgongo umenyooka. Mume wangu Khamphu alikuwa anakoroma barazani, kwa hiyo hakukuwa na la kusemwa na majirani, lakini nilitamani ardhi inimeze pamoja na ndoo.

"Babu! Unafanya nini hapa?"

"Joho liko hapa, muumini. Na mimi niko hapa."

Kwa aibu nikaketi barazani, mbali kidogo, nikamuuliza alikuwa nani kabla ya utawa. Akaniambia. Alikuwa dereva wa basi la usiku kati ya Bangkok na Loei, miaka ishirini na miwili. Mkewe alichoka kuolewa na mtu anayelala mchana, akaondoka. Mama yake alipofariki, Thiang alinyolewa kichwa avae joho siku ya maziko tu, kama wana wengi wanavyofanya, kumtoa mama kwa heshima. Kesho yake meneja akampigia simu kwamba basi linamngoja kituoni.

"Nikaizima," alisema. "Sijaiwasha mpaka leo."

Mwalimu wake, Babu Mkuu Inthi, ndiye aliyemfundisha kukaa kimya. Lakini kutembea alijifundisha mwenyewe. Aliapa kwamba hatapanda tena kitu chenye magurudumu, na akazunguka nchi nzima kwa miguu, kutoka mpaka wa Laos hadi kusini kwenye mashamba ya mpira, akilala makaburini na nyuma ya vituo vya mafuta. Watu wakaanza kumsifu. Naye, kwa maneno yake mwenyewe, akaanza kuzisikia sifa. Miaka mitatu iliyopita Babu Mkuu aliugua, wafuasi wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali. Aliporudi, Thiang alisema mbele ya watu wote: "Kumbe mwalimu wetu sasa ni mtawa wa magurudumu."

"Alisemaje?" nikamuuliza.

"Hakusema kitu. Aliniangalia tu. Nikaondoka siku ile ile, nimejaa haki mpaka kooni." Akalitazama joho. "Kila mvua zinapoanza, mwanafunzi humwinamia mwalimu kumwomba msamaha. Mvua tatu zimepita sijaenda. Ana miaka tisini na moja. Mwaka huu lazima."

Sasa mtu mwenye moyo angefanya nini? Angechukua pasi. Ninayo pasi, nzuri, ya umeme. Mimi nilimpikia uji, nikangoja aende kupokea sadaka, kisha nikalilowesha joho kwa mara ya tatu. Nilijiambia kwamba mwalimu wa miaka tisini na moja aliyefika hapo hawezi kushindwa kungoja miezi mitatu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Alfajiri ya pili alikuwapo tena.

"Muumini Lamyai, joho hili ni la ajabu. Mchana linakauka, jioni linalowa."

"Umande, Babu. Huku kwetu umande ni mkali."

"Nimeuona," akasema. "Una harufu ya sabuni."

Joho lilipokauka siku ya tatu, maana hata mimi nina haya, muda ulikuwa umekwisha kumtupa. Mwezi ulipopevuka alikuwa bado kwetu, na kesho yake aliingia peke yake katika ukumbi wa hekalu letu lenye kunguni na popo, akatamka kwamba atakaa hapo miezi mitatu. Nje mwenyekiti alipasua fataki.

Siku za kwanza alikula vizuri: kuku wa kuchoma, samaki wa mvuke, vitumbua vya nazi. Kila anayetia chakula alitega sikio. Babu Thiang hakutoa namba. Alipoulizwa namba alisema, "Kunywa pombe kidogo, lala mapema," na watu wakahesabu maneno. Alipofagia uwanja walihesabu mifagio. Alipokohoa mara nne, tiketi zote zinazoishia na nne ziliniishia kabla ya saa tatu asubuhi, na droo ikatoka saba. Mara ya pili wakakosa. Mara ya tatu wakakosa. Kuku akawa bawa, bawa likawa yai, yai likawa pilipili ya kuponda na wali mkavu.

"Mtawa gani huyu?" Bi Buakhao alilalamika dukani. "Tunamlisha, tunamtunza, halafu hatusaidii!"

"Tulimzuia sisi," nikasema.

"Tulimzuia kwa mapenzi!"

Yeye alikula alichopewa kabla ya adhuhuri, akaziba matundu ya paa, akawapulizia popo moshi wa majani, akakaa. Kila nilipompelekea wali nilishindwa kuangalia juu.

Mwezi wa pili wa mvua simu ya mwenyekiti iliita, siku moja kabla ya droo. Aliyepiga alikuwa mtawa kijana kutoka Phu Daeng: Babu Mkuu Inthi hali chakula tena, ana siku chache, na anamtaja Thiang. Samret alipeleka habari hekaluni, nami nikamfuata. Babu Thiang alisikiliza, akaenda kuketi kwenye ngazi.

Ruhusa ipo. Mwalimu akiwa mahututi, mtawa anaweza kuondoka katikati ya mvua, ili mradi arudi ndani ya siku saba. Tuliomzunguka tulifanya hesabu ile ile. Siku nne kwenda, siku nne kurudi. Nane. Na mgonjwa mwenyewe hakuwa na siku nne.

Mimi nina pikapu, nyeupe, imechubuka, ina kipaza sauti juu cha kutangazia tiketi. Kwa barabara mpya, Phu Daeng ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Nilipiga magoti kwenye matope. Nilikuwa nalia, na sikulia kistaarabu.

"Babu, ni mimi niliyelilowesha joho. Mara tatu."

"Najua, muumini."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilikuwa dereva. Abiria anayejifanya amelala ili asidaiwe nauli namjua kwa kope tu." Akajifuta uso kwa pembe ya joho lile lile. "Ningeweza kuondoka nalo likiwa bichi. Joho bichi linabebeka. Nilijiambia ni adabu kungoja. Ukweli ni kwamba niliogopa kufika."

Kisha akasema kwamba tutaondoka asubuhi, baada ya chakula, na kwamba mwenyekiti aje naye, maana mtawa hasafiri na mwanamke bila mwanamume mwingine.

Asubuhi hiyo kijiji kizima kilijaa barabarani. Nikafikiri, angalau wana moyo, wamekuja kumuaga mzee wa watu. Babu Thiang alisimama nyuma ya pikapu, akavua kandambili, akaweka mguu mmoja juu ya bampa. Miaka kumi na tisa ya kutembea, na alikuwa anaimaliza hapo, mbele ya duka la Samret. Nikatazama kwenye kioo nimwone mtu mmoja hata mwenye machozi. Wote walikuwa wameinama chini ya miguu yake, simu mkononi, wanapiga picha namba ya gari.

"Arobaini na sita!" mzee Phan alipiga kelele. "Mwisho ni arobaini na sita!"

Tiketi zangu zilikuwa na Khamphu barazani. Nilisikia baadaye kwamba walikaribia kumvunja mkono.

Samret alijikunja mbele pamoja nami. Babu alikaa nyuma kwenye bati, amekunja miguu, joho linapepea. Hatujafika hata barabara kuu nikasikia kioo cha nyuma kinagongwa.

"Gia ya tatu, muumini! Unaiua injini!"

Mlima wote aliendesha yeye kwa mdomo. Punguza. Piga honi kwenye kona. Lori hilo usilifuate, breki zake zinanuka. Nilipomchungulia kwenye kioo alikuwa anatabasamu na upepo umemjaa machoni, na niliona raha na uchungu kwa pamoja, nikashindwa kuamua nishike kipi.

Babu Mkuu Inthi alikuwa amelala kwenye mkeka katika kibanda cha mbao, mdogo, macho yamefumbwa. Thiang akainama mara tatu mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mimi na Samret tulikaa mlangoni.

"Nilikuita mtawa wa magurudumu mbele za watu," akasema. "Nisamehe, Babu Mkuu."

Yule mzee hakufumbua macho, nikadhani tumechelewa.

"Umefikaje?" akauliza.

"Kwa pikapu."

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Kulikuwa na upepo?"

"Upepo ulikuwa mzuri, Babu Mkuu."

Mzee akacheka. Kicheko kilikuwa kidogo, kikageuka kikohozi, na watawa wawili wakakimbilia kumwinua. Alipopata pumzi aliweka mkono juu ya kichwa cha Thiang kilichonyolewa, akauacha hapo. Nililia kwa sababu mbili: amesamehewa, na mimi ndiye niliyemchelewesha.

Ndipo simu ya mwenyekiti ikaita. Mlio wake ni wimbo wa ngoma za harusi, tena hakuwa ameupunguza. Akaipokea pale pale, akasikiliza, akaruka juu na mwili wake wote mpaka kibanda kikayumba.

"Arobaini na sita! Imetoka arobaini na sita!"

Babu Mkuu akafumbua jicho moja. "Huyo anaumwa nini?" akauliza.

"Ni mwenyekiti wetu," nikasema. "Ndivyo alivyo."

Babu Mkuu alifariki siku ya tatu, Thiang akiwa amemshika miguu. Siku ya sita tulirudi Nong Hoi, ndani ya ruhusa. Mlangoni mwa kijiji kulikuwa na mashada ya maua, ngoma, na kina mama wamevaa nguo za sikukuu. Nikasimamisha gari ili wamvishe Babu. Wakampita. Maua waliivisha pikapu, kwenye vioo, kwenye kipaza sauti, na zaidi kwenye kibao cha namba, ambacho walikipaka poda na vibandiko vya dhahabu. Chini ya bampa wakapanga chupa tano za soda nyekundu, kila moja na mrija wake. Babu Thiang alishuka upande wa pili, akavaa kandambili, akaenda hekaluni na bakuli lake. Hakuna aliyegeuka.

"Nahitaji gari langu," nilisema kesho yake. "Nina vijiji vinne vya kuzungukia."

"Lamyai, usiwe mchoyo wa baraka," Bi Buakhao akanijibu. Mwenyekiti alikuwa ameshasimamisha nguzo nne na paa la bati juu yake, na mbele ya magurudumu watu kumi na wawili walikuwa wamepiga magoti. Utawasha injini juu ya watu waliopiga magoti? Kila nilipokwenda na ufunguo niliwakuta. Wakiondoka hawa, wanakuja wengine kutoka vijiji vile vile nilivyotaka kwenda. Kwa upendo mwingi waliiosha kila siku, mpaka injini ikaingia maji.

Mvua zilipokwisha Babu Thiang alikunja mwavuli. Walikuja kumuaga watu watatu, na mmoja alikuwa amepotea njia. Mimi nilikuwa na sanduku la tiketi shingoni, viatu vya mpira miguuni, maana hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu sasa, kilomita kumi na mbili kila siku. Tukaongozana mpaka barabara kuu, yeye mbele, mimi nyuma hatua chache, kama inavyopasa.

"Miguu inauma?" akauliza bila kugeuka.

"Inauma sana, Babu."

"Mwaka wa kwanza ndio mbaya."

Basi la kwenda Loei likatokea kwenye kona. Nikasogea pembeni limpite. Babu Thiang akanyoosha mkono, likasimama. Akapanda polepole, akashika bomba kama mtu wa kazi, akamwambia dereva kitu kuhusu tairi ya nyuma ya kushoto. Mlango ukafungwa, nami nikageuka na sanduku langu, nikaanza kurudi kwa miguu.